Mwanzilishi Katika Nyumba ya Wengine

Mwaka 2022, usiku mmoja wa mwezi wa Juni, wakati baridi ya Ufipa inapouma kama siafu, simu yangu iliita baada ya saa nne. Sisi watu wa Mollo hatupigiani simu saa hizo ila kwa msiba, kwa hiyo niliipokea nikiwa nimekaa kitandani, tayari kulisikia jina la marehemu. Hapakuwa na marehemu. Alikuwa binti wa mdogo wangu, anayefanya kazi katika kampuni moja kubwa mjini Dar es Salaam. Alinisalimu, akaniuliza habari za mvua ilhali anajua vema kuwa Juni huku hakuna mvua, kisha akanyamaza. Mwishowe akasema, "Baba mkubwa, silali."

Neno hilo nilikuwa nimeambiwa miaka 39 kabla ya usiku ule, hapa hapa Mollo, na mtu mwingine, nami nikalijibu vibaya. Kilichofuata baada ya jibu langu ndicho kilichonifanya niandike sura hii.

Binti yangu alikuwa amekabidhiwa kazi ya kuanzisha huduma mpya ndani ya kampuni yao. Wazo lilikuwa lake. Kampuni ilimpa meza, wasaidizi watatu, na muda wa miezi 18. Huduma ikifaulu itakuwa ya kampuni. Isipofaulu itakuwa ya kwake. Hivyo ndivyo alivyoieleza hali yake, nami nikaona kuwa ameifupisha vizuri kuliko mwalimu wa siasa.

Nilipokuwa chuo cha ualimu neno mjasiriamali halikuwa midomoni mwetu. Tulikuwa na mfanyabiashara, tena tulilitamka neno hilo kwa jicho la pembeni, tukaliweka jirani na bepari na kabaila. Mjasiriamali alikuja kuzoeleka baadaye, siku za soko huria. Ukilitazama neno lenyewe utaona ndani yake mna ujasiri na mna mali. Ni mtu anayethubutu kwa ajili ya mali yake. Lakini yuko mwingine ambaye ujasiri ni wake na mali si yake. Huyo ni mwajiriwa wa kampuni kubwa, shirika au wizara, anayeona jambo ambalo wakubwa wake hawajaliona, akalianzisha ndani ya nyumba ya wengine. Wamarekani wanalo jina la mtu huyu; Gifford Pinchot alichapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1985. Vitabu vya namna hiyo humsifu sana kwa faida anayoleta. Mimi nataka kuuliza juu ya usingizi wake.

Nianzie mbali kidogo, kwa babu zetu. Anayesafiri Ufipa bado anaweza kuona mabaki ya matanuru ya kale ya kuyeyushia chuma, ambayo Wafipa huyaita malungu. Moja huitwa ilungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likasimama karibu meta tatu, yaani mrefu kuliko mwanaume aliyenyoosha mkono juu. Halikupulizwa kwa mivukuto. Lilikuwa na matundu chini, nalo lilivuta upepo lenyewe likiwa limejazwa mkaa na mawe ya chuma. Kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, hapo ndipo mivukuto ilipotumika, kisha kikaenda kwa mhunzi kufuliwa majembe na mashoka. Wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Profesa Bertram Mapunda wa Tanzania, wamefanya uchunguzi mwingi juu ya kazi hiyo. Iliendelea hadi karne ya 20, ikafifia majembe ya dukani yalipoenea.

Jambo ninalotaka msomaji alishike si ufundi ule, bali namna hatari yake ilivyobebwa. Kuyeyusha chuma ni kubahatisha. Mkaa ukiwa mbichi, au upepo ukikosa nguvu, au mawe yakiwa hafifu, kazi ya majuma mengi inaishia katika mavi ya chuma. Fundi mkuu alikuwapo, naye alikuwa na dawa zake na heshima yake. Lakini kambi nzima ilifungwa na miiko, ikiwa ni pamoja na kujitenga na wake zao wakati wa kazi. Wengine walikata miti, wengine walichoma mkaa, wengine walibeba mawe. Chuma kilipogoma kutoka, kambi yote ilijiuliza mwiko gani umevunjwa. Hasara ilikuwa na watu wengi wa kuibeba.

Sisemi kuwa mambo yalikuwa mazuri yote. Mahali panapotafutwa mvunja mwiko, upo wepesi wa kumwonea mtu, na jambo hilo litarudi katika simulizi hii. Nasema tu kwamba fundi wa ilungu hakubaki peke yake usiku akihesabu kosa lake.

Sasa tuje kwenye zama zangu. Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na siku chache baadaye mabenki, viwanda vya kusaga na makampuni makubwa ya biashara yakawa mali ya umma. Miaka iliyofuata mashirika yaliongezeka mwaka hadi mwaka hadi yakapita 300. Azimio liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mimi niliyaunga mkono masharti yale, na hata leo nasema nia yake ilikuwa njema. Mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, uliowapa wafanyakazi nguvu ya kumkosoa meneja mwenye kiburi, na viwandani baadhi ya mameneja walifungiwa nje ya milango ya ofisi zao. Kwa hiyo meneja wa shirika alikaa kati ya jiwe la juu na jiwe la chini la kusagia. Wizara ilimdai mapato, wafanyakazi walimdai unyenyekevu, na wananchi walimdai bidhaa. Katika masemina yote niliyohudhuria, nasi walimu tulihudhuria mengi, sikusikia hata siku moja mtu akiuliza kichwa cha meneja huyo kinaendeleaje.

Rafiki yangu alikuwa mmoja wao, ingawa wa ngazi ya chini. Tulisoma darasa moja. Mimi nikaenda ualimu, yeye akaajiriwa na shirika moja la umma lenye matawi nchi nzima. Shirika lile sitalitaja. Halipo tena, na wengi waliolisimamia wametangulia mbele ya haki. Kufikia mwaka 1980 yeye alikuwa mkuu wa ghala lao Sumbawanga, nami nilikuwa mwalimu mkuu hapa Mollo.

Msomaji wa umri wangu anaukumbuka mwaka 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Sabuni ilikuwa habari. Huku kwetu, ambako mkulima hutegemea ng'ombe na plau, shida kubwa ilikuwa ncha za plau. Ncha ikilika inabaki kama kisigino. Ng'ombe wanavuta, udongo haupinduki. Na Rukwa wakati huo ilikuwa mmoja wa mikoa minne iliyotegemewa kulisha taifa kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma.

Katika uwanja wa ghala lile kulikuwa na malori mabovu yanayoota nyasi. Rafiki yangu aliyatazama miezi kadhaa, kisha akapata wazo. Springi za lori ni chuma kizuri. Alimwendea mkubwa wake wa kazi akamweleza kuwa angependa kufungua karakana ndogo nyuma ya ghala, springi chakavu zifuliwe kuwa ncha za plau. Mkubwa akasikiliza, akatabasamu, akasema, "Endelea, tutaona." Hakuandika. Kibali chote cha karakana ile kilikuwa maneno hayo mawili.

Alichukua vijana wawili, na mzee mmoja wa ukoo wa wahunzi, ambaye babu yake alisimama mbele ya malungu. Mzee yule alikuwa hajashika nyundo ya kazi kwa miaka mingi. Nilikwenda kuwaona siku ya kwanza. Mzee aliionja springi kwa kuigonga na kusikiliza, kama mama anavyogonga chungu kabla ya kukinunua, akasema kwa Kifipa kwamba Wazungu walikuwa wametuachia mgodi uwanjani nasi tunaukalia. Walicheka wote. Rafiki yangu alikuwa na uso wa bwana harusi.

Mwaka wa pili wakulima walikuja kutoka Laela na kutoka Matai. Viongozi kutoka makao makuu walipopita, walipigwa picha wameshika ncha ya plau, na mkubwa aliyesema "tutaona" akasimama katikati ya picha. Nilimwambia rafiki yangu kuwa ameukata. Hakujibu kitu. Baadaye ndipo nilipojua kuwa mkaa, ambao hakuna aliyempa fedha zake, alikuwa akiununua kwa mshahara wake.

Wakaguzi walifika mwanzoni mwa 1983. Hawakuuliza ncha ngapi zimetoka. Waliuliza mkaa umelipiwa kwa kifungu gani. Akajibu kuwa amelipa mwenyewe. Msomaji anaweza kudhani jibu hilo lilimwokoa, kumbe ndilo lililomchongea. Mtu gani mwenye akili timamu anaweka fedha yake katika karakana isiyo yake? Lazima ana lake jambo. Na springi zile, hata kama zilikuwa zinaoza, zilikuwa mali ya umma. Zimetoka ngapi, ziko wapi, nani ametia sahihi? Mkubwa wake alipoulizwa alisema hakumbuki kutoa kibali.

Mwaka ule ule Waziri Mkuu, hayati Edward Sokoine, aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na Bunge likapitisha sheria yake. Wananchi tuliishangilia, maana walanguzi walikuwa wametutesa. Lakini hofu ikishaachiliwa haichagui mlango. Usiku watu walitupa mtoni na vichakani bidhaa walizozinunua kwa halali. Rafiki yangu, ambaye hakuwa ameiba hata msumari, alianza kujiona mhujumu. Aliandika upya mahesabu ya karakana, akayachana, akayaandika tena. Mkewe alisema alikuwa akiamka saa nane za usiku, anapanda baiskeli, anakwenda ghalani kuhesabu springi.

Usiku mmoja alikuja kwangu. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya majaribio ya darasa la saba, karatasi zimejaa mezani, taa ya chemli imeanza kufifia. Alikaa kwenye kigoda, akashika kofia yake kwa mikono miwili. Akasema, "Mwalimu, silali." Nilimtazama kidogo, nikarudisha macho kwenye karatasi. Nikamwambia, "Pole. Vumilia, mwenzangu. Kazi ni kazi, na sisi ni wanaume." Mke wangu alimpa chai. Aliinywa yote, akashukuru, akaondoka. Sikumsindikiza hata hadi barabarani, jambo ambalo kwetu ni aibu hata kwa mgeni usiyemjua.

Majuma matatu baadaye mlinzi alimkuta alfajiri katika uwanja wa ghala. Alikuwa amezipanga springi zote kwa mistari chini, kama wanafunzi katika gwaride la asubuhi, naye anazisomea taarifa ya mahesabu kwa sauti, akisimama kila mara kujibu maswali ambayo hakuna mtu aliyemwuliza.

Wenyeji husimulia kuwa jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Katika mji wenye jina la namna hiyo, mtu akiugua kichwa jibu liko tayari kabla ya swali. Walisema amerogwa. Na nani? Walimtazama aliye karibu naye, mwenye siri za moto na ukoo wa dawa za chuma. Walimtazama mzee mhunzi. Mzee yule alihama kijiji na wajukuu zake, usiku, akaiacha mivukuto yake ikining'inia. Mimi nilijua vizuri kuwa si yeye. Nilijua habari ya mkaa, ya wakaguzi na ya "tutaona". Nilikuwa mwalimu mkuu, ninayesikilizwa katika mkutano wa kijiji. Sikusimama kusema. Niliogopa kuitwa mtetezi wa wachawi, na kwa mwaka ule, mtetezi wa wahujumu.

Ndugu walimpeleka kwa mganga, kisha kwa mwingine, na mwisho wakamsafirisha hadi Mirembe, Dodoma. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1927 wakati wa Waingereza. Kabla yake Wajerumani walikuwa na Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako wamisionari walianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1904. Nataja miaka hiyo kwa sababu watu husema maradhi haya ni ya kisasa, yameletwa na simu na miji. La hasha. Nchi hii imekuwa na wagonjwa wa akili na nyumba za kuwatunzia kwa zaidi ya karne moja. Kilichopungua ni kukubali kwetu kwamba kazi ya mtu, hasa kazi njema anayoipenda, yaweza kumfikisha huko.

Alikaa miezi mingi, akarudi amekonda lakini ametulia. Uchunguzi wa ghala ulikuwa umekwisha wakati hayupo. Haikupotea hata springi moja. Hakushitakiwa na hakuombwa radhi. Alistaafishwa kwa sababu za afya, na karakana ikafungwa. Miaka ya 1990, Serikali ilipoanza kurekebisha mashirika ya umma na kuyauza, shirika lenyewe likafa. Yeye aliishi hapa Mollo akilima ulezi na maharage hadi mwaka 2006. Tulikuwa tukikaa pamoja jioni nyingi, lakini habari ya usiku ule hatukuitaja. Aliniachia niitaje mimi, nami sikuitaja.

Hapa nilinganishe na jambo langu mwenyewe. Miaka ile ile, kwa kufuata Elimu ya Kujitegemea, nami nilianzisha mradi: shamba la ngano la shule, ekari sita. Wazo lilikuwa langu na nilijivunia sana. Msimu wa pili ngano ilishikwa na kutu, hatukuvuna hata gunia moja. Hasara ile, kwa kipimo cha shule, ilikuwa kubwa kuliko mkaa wa rafiki yangu. Lakini mimi nililala. Kwa miaka mingi nilidhani ni kwa sababu nina moyo mgumu kuliko yeye, na ninaona aibu kuandika kwamba dhana hiyo ilinifurahisha.

Ukweli ni mwingine. Kabla ya kulima, kamati ya shule ilikaa, ikajadili, mzee mwenyekiti akatia sahihi, na mwandishi akaandika katika muhtasari kwamba kikao kimeafiki kulima ngano kikijua kuwa zao hilo ni geni shuleni kwetu. Ngano ilipokufa, haikufa mikononi mwangu peke yangu. Mwenyekiti alikuja kesho yake na kibuyu cha togwa, akasema, "Mwalimu, tumeshindwa," kwa wingi namna hiyo, tukanywa. Rafiki yangu hakuwa na kikao, hakuwa na sahihi, na hakuna mtu aliyemwambia "tumeshindwa". Mimi nilikuwa na muhtasari, yeye alikuwa na "tutaona". Tofauti ya mioyo yetu ilikuwa hiyo tu.

Tuitazame na simulizi ya karibu zaidi, yenye mwisho wa furaha. Leo hapa Mollo mkulima akiuza mahindi hupokea fedha kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Kenya na Safaricom mwezi Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Wengi hudhani kampuni kubwa iliamka asubuhi moja ikaamua. Sivyo. Ndani ya Vodafone, kampuni ya Uingereza yenye hisa katika Safaricom, alikuwapo mwajiriwa aitwaye Nick Hughes, ambaye kazi yake haikuwa kuuza chochote. Alikuwa na wazo ambalo kwa kampuni ya simu lilikuwa kando ya njia: kutumia simu kufikisha huduma za fedha kwa wasio na benki. Aliomba katika mfuko wa Serikali ya Uingereza uliokuwa ukishindanisha mawazo ya namna hiyo, akapata karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaweka kiasi kinacholingana. Mwenzake, Susie Lonie, alikwenda Kenya kuijenga huduma yenyewe. Oktoba 2005 walianza majaribio na wateja wapatao 500, wengi wao wakopaji wa Faulu Kenya. Nia ya kwanza ilikuwa kulipia mikopo midogo. Wateja wakaipindua wenyewe, wakaanza kutumiana fedha. Na hicho ndicho kilichouzwa baadaye kwa mamilioni.

Mimi sikuwapo, na siwezi kusema walilalaje. Lakini nikiitazama kwa jicho la mwalimu mkuu mstaafu, naona vitu ambavyo rafiki yangu hakuwa navyo. Walikuwa wawili. Fedha yao ilikuwa na kifungu chake, tena sehemu yake ilitoka nje, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuuliza mkaa umelipiwa na nani. Jambo lao liliitwa jaribio mbele ya wote, na jaribio lina ruhusa ya kushindwa. Na mkuu wa Safaricom wakati huo, Michael Joseph, aliliunga mkono waziwazi. Ujasiri walikuwa nao. Lakini hata rafiki yangu alikuwa nao, tena wa kutosha.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya hali aliyoiona kwa wafanyakazi wa kujitolea katika zahanati, naye mwenyewe akiwamo. Waliungua kama nyumba iliyoteketea ndani huku kuta zimesimama. Alichokisema, ambacho wengi wamekisahau, ni kwamba hao hawakuwa wavivu. Walikuwa wale waliojitoa zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi hali hiyo kuwa jambo litokanalo na kazi, lenye alama tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona kuwa hufanyi lolote la maana. Shirika halikuiita ugonjwa. Lakini mtu akiachwa humo peke yake, usingizi ukakatika majuma kwa majuma, sonona na maradhi mengine hayako mbali.

Mwanzilishi katika nyumba ya wengine ana mzigo mmoja zaidi. Mfanyabiashara wa dukani akifilisika, majirani huja kumpa pole, maana duka limefungwa na kila mtu analiona. Mkulima akikosa mavuno, kijiji kizima kinajua. Lakini mwajiriwa ambaye wazo lake limezimwa ofisini, kesho yake anatakiwa avae tai, akae kwenye meza nyingine, aseme yuko salama. Amefiwa na hakuna matanga. Tena analia kwa ajili ya kitu ambacho kwa maandishi hakikuwa chake, kwa hiyo hata yeye mwenyewe anaona haya kulia.

Basi usiku ule wa Juni 2022 niliwasha taa. Nilimwambia binti yangu asikate simu, kisha nikamsimulia habari hii yote, pamoja na chai niliyompa rafiki yangu badala ya sikio. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia. Halafu nikampa ushauri wa mzee asiyejua kampuni lakini anayejua vikao. Nilimwambia aende kwa wakubwa wake wamwandikie wamemruhusu nini, kwa fedha zipi, na kama jambo halikufaulu litafungwa siku gani na litahesabiwa kosa la nani. Nilimwambia asiweke shilingi yake wala usiku wake mahali ambapo hakuna aliyetia sahihi. Na nilimwambia kwamba mtu asiyelala majuma mawili amwone daktari, kama vile mwenye homa ya majuma mawili angemwona, bila kuuliza ni mwoga au shujaa.

Alikwenda kwa daktari. Wakubwa wake walimwandikia, ingawa kwa kusitasita. Mwaka uliofuata huduma ile ilifungwa, haikupata wateja wa kutosha. Krismasi alikuja Mollo. Nilichinja jogoo, nikawaita ndugu, nikawaambia tumekaa kumpa pole binti yetu kwa jambo lake lililokufa. Vijana walicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu yeye alilia, akala, akalala hadi saa tatu asubuhi.

Kabla ya kuandika sura hii nilikwenda kwa wajukuu wa yule mzee mhunzi, huko walikohamia. Niliwasimulia kilichotokea mwaka 1983, nikawaambia kuwa mimi nilijua na nilinyamaza. Mkubwa wao alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba ingefaa babu angelisikia hilo akiwa hai. Sikuwa na la kumjibu.

Sisi hapa, kila asubuhi, tunaulizana habari za kulala. Tunauliza tukiwa tunapita, jembe begani, na hatusimami kusubiri jibu, maana jibu tunalijua: nzuri. Ninachomwomba msomaji mwenye mtoto, mke, mume au rafiki aliyeanzisha jambo katika nyumba ya wengine ni kidogo sana. Amwulize swali hilo hilo, kisha aweke kalamu chini, asubiri.